Siku moja kliniki ya wanyama: presha, figo na robo ya kidonge

Saa 1:30 asubuhi
Wagonjwa wa presha nawaita mapema, kabla joto la Dar halijakolea na kabla mbwa hawajaanza kubwekeana barazani. Paka aliyeletwa kwenye kikapu juu ya bodaboda anafika moyo ukimwenda mbio. Ukimfunga mkanda wa presha papo hapo, utakachosoma ni woga wake. Basi namweka chumba cha ndani, nafungua kikapu, namwacha dakika kumi hivi bila kumgusa. Akitoka mwenyewe kunusanusa, tunaweza kuanza.

Saa 2:15
Zuu, paka jike wa miaka 14, ameletwa na bibi mmoja wa Kariakoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu tangu juzi anajigonga kwenye miguu ya meza. Na maji anakunywa mpaka nashangaa."

Namulika macho: mboni zimepanuka na hazisinyai kwa mwanga. Nahofia retina, utando wa nyuma ya jicho, imebanduka. Presha ndiyo hufanya hivyo kwa paka, na mara nyingi mwenye paka hagundui chochote hadi siku anapopofuka. Upana wa mkanda wa presha unatakiwa uwe kama asilimia 30 hadi 40 ya mzunguko wa mguu. Ukiwa mwembamba unapandisha namba, ukiwa mpana unaishusha. Kipimo cha kwanza nakitupa. Navichukua vingine vitano, natafuta wastani: 190. Kuanzia 160 hiyo ni presha ya juu, kuanzia 180 ni ya hatari kwa macho, ubongo, moyo na figo. Majibu ya damu yanaonyesha kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, imepanda, na mkojo ni mwepesi kama maji. Figo zimechoka, presha nayo inazidi kuzichosha.

Namwandikia amlodipini. Bibi anasoma jina, anafungua mkoba wake.

"Mbona ndiyo hii ninayomeza mimi?"

Ndiyo ileile. Ila kidonge chake ni cha miligramu 10, na Zuu anaanza na miligramu 0.625 kwa siku. Kidonge kimoja cha bibi ni dozi 16 za Zuu. Hapo sina haraka, hata foleni ikirefuka. Namwomba dawa ya Zuu aiweke chumba kingine kabisa, na asichukue kamwe kutoka pakti yake, kwa sababu vidonge vingi vya presha vya binadamu vimechanganywa na dawa ya pili ambayo sikumwandikia paka.

Natafuta vidonge vya miligramu 2.5, kwa sababu robo nne zinakatika vizuri. Cha 5 kinataka vipande nane, na kwa wembe jikoni kipande kimoja kinatoka kikubwa, kingine kinakuwa unga. Tunatumia kikata vidonge, na tunakata kimoja tu kwa wakati, kwa maana amlodipini haipendi mwanga wala unyevu, na unyevu wa mji huu tunaujua.

Kisha namwonyesha namna ya kumpa. Shika kichwa kutoka juu, weka kipande nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, halafu mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo, taratibu. Maji hayo si ya hiari. Kidonge kikavu hukwama kwenye koo la paka na kuliunguza. Akikataa kabisa, kificheni kwenye tonge dogo la samaki alilopewa kabla ya chakula. Msikivuruge kwenye bakuli zima, maana akibakiza nusu hatujui dawa imeingia kiasi gani.

Macho huenda yasirudi. Namwambia hivyo, kwa sababu ana haki ya kujua. Wiki moja kutoka leo tutapima tena.

Saa 4:40
Simba, mbwa wa kilo 28 kutoka Mbezi. Aliwahi kuugua homa ya kupe, ikamwachia protini kwenye mkojo. Yuko kwenye benazeprili, dawa ya kupunguza protini hiyo, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, na leo amekuja kupimwa kreatinini na potasiamu, kama inavyotakiwa wiki moja au mbili baada ya kuanza. Kreatinini ikipanda kidogo, tunavumilia. Ya Simba imepanda zaidi ya asilimia 30.

Naulizia dawa nyingine. Baba mwenye mbwa anasita kidogo: "Alikuwa anachechemea, daktari, nikampa diklofenaki, ile ya maumivu."

Nachora chujio la figo nyuma ya karatasi ya majibu. Damu inaingia kwa mshipa mmoja, inatoka kwa mwingine. Benazeprili inalegeza mshipa wa kutokea, msukumo ndani ya chujio unapungua, protini haivuji ovyo. Diklofenaki inauzuia mshipa wa kuingilia usipanuke. Ukiunganisha mbili hizo, hasa mnyama akiwa hajanywa maji ya kutosha, chujio linakosa damu. Tunasimamisha zote mbili, Simba anawekewa dripu.

Saa 7 mchana
Simu. "Jana nilisahau, leo nimpe mara mbili?" Hapana, endelea na dozi ya kawaida. "Ametapika tangu alfajiri, hataki kula." Benazeprili usimpe leo, mlete. Dada mjamzito anauliza kama anaweza kumpa mbwa wake kidonge cha benazeprili. Namshauri kazi hiyo afanye mtu mwingine, kwani dawa za kundi hilo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama hakuna mwingine, avae glavu na kunawa mikono.

Saa 11 jioni
Mtoto wa mbwa, kilo 4, amebebwa kwenye kanga. Ametafuna dawa za presha za babu zilizokuwa juu ya stuli. Ufizi umepauka, masikio ya baridi, presha 60. Amelegea, kwa hiyo kumtapisha si salama tena, angeweza kuvuta matapishi mapafuni. Dripu inaingia, na kalsiamu kwenye mshipa polepole, sikio langu likiwa kifuani mwake muda wote. Kijana aliyemleta amekuja na pakti yenyewe, na hilo limetusaidia sana: tumesoma jina la dawa, amlodipini, na nguvu yake, tumehesabu matundu yaliyo wazi.

Saa 2 usiku
Presha yake ni 90. Amlodipini huchukua zaidi ya siku kutoka mwilini mwa mbwa, kwa hiyo namkabidhi kwa mwenzangu wa zamu ya usiku: presha kila nusu saa, na nipigiwe ikishuka chini ya 80.