Vipande vya majaribio kabla ya picha kubwa

Picha ilikuwa ya mzee aliyeketi barazani kwake, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, na nyuma yake mlango wa mbao uliokolea weusi kwa uzee. Binti yake aliniomba niikuze ifike sentimita 80 kwa 120 ili aitundike sebuleni, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuirekebisha kwenye kompyuta hadi nikaridhika, niliipeleka kuchapwa moja kwa moja bila kujaribu hata kipande. Nilipoikunjua mbele yake alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko lawama, “Kaka, mbona baba amekaa gizani?”

Ni kweli, alikuwa gizani. Uso ambao kwenye skrini ulionyesha kila kunyanzi ulikuwa umezama, na bega la kushoto lilikuwa limeungana na mlango hata usingejua mtu anaishia wapi na mbao zinaanzia wapi. Waliochapa hawakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyefanya kazi usiku, taa zimezimwa na skrini nimeiongeza mwanga hadi mwisho, nikasahau kwamba skrini hutoa mwanga wake yenyewe ilhali karatasi huazima mwanga wa chumba ilimotundikwa. Ngozi nyeusi mbele ya mlango mweusi ndiyo sehemu ya kwanza kuumia mtu anapofanya uzembe wa namna hiyo. Nililipia picha ya pili kutoka mfukoni mwangu.

Aibu ilizidi kwa sababu jambo hili nilifundishwa nikiwa bado kijana, katika chumba cha giza cha mjomba wangu aliyekuwa na studio ya kusafisha picha. Yeye hakuwahi kuweka karatasi nzima chini ya mashine ya kukuzia kabla ya kujua muda wake. Aliikata karatasi ya inchi 8 kwa 10 vipande vitano kwa mkasi, chini ya taa nyekundu, akakilaza kimoja mahali utakapoangukia uso, akakifunika chote kwa gamba la boksi isipokuwa upana wa vidole viwili, akahesabu sekunde tatu, akalisogeza gamba, akahesabu tatu nyingine, hivyo hivyo hadi mwisho. Kikitoka kwenye dawa kilikuwa na ngazi tano, kuanzia iliyopauka ya sekunde 3 hadi nyeusi ya sekunde 15. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwa nini ngazi za mwisho zilikaribia kufanana: kutoka 3 kwenda 6 mwanga umeongezeka maradufu, lakini kutoka 12 kwenda 15 umeongezeka robo tu. Nilipotaka kuchagua ngazi haraka aliniambia, “Ngoja ikauke, mwanangu,” kwa kuwa karatasi zake zilipolowa zilionekana angavu kuliko zitakavyokuwa zikikauka.

Siku hizi sina dawa wala taa nyekundu, lakini hesabu ni ile ile. Eneo la sentimita 80 kwa 120 ni sawa na karatasi 15 za A4 na kidogo zaidi, kwa hiyo hata nikiharibu A4 mbili au tatu kwa majaribio bado nimo ndani ya faida. Swali ni nini cha kuchapa juu ya hiyo A4, na hapa ndipo ninapoona wengi wakikosea, kwa sababu huipunguza picha nzima ikaenea kwenye karatasi ndogo, wakaiona nzuri, wakadhani wamejaribu. Picha iliyopunguzwa huficha chengachenga za vivulini, huficha ukungu mdogo wa fokasi, na hujifanya kali kuliko ilivyo. Inafaa kupimia mizani ya jumla na namna ya kuikata kingo, na kwa kazi hiyo mimi huichapa ikiwa saizi ya kadi ya posta tu.

Kinachonipa habari ni kipande cha picha katika ukubwa wake wa mwisho. Kamera yangu hutoa faili ya pikseli 6000 kwa 4000, nayo ikitandazwa kwenye sentimita 120 kila sentimita hupata pikseli 50, kiasi kinachotosha kwa picha itakayotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule. Basi kwa picha ya mzee nilikata sehemu ya pikseli 450 kwa 950, yaani sentimita 9 kwa 19, iliyobeba mambo matatu yaliyonitisha: matundu madogo ya kofia ya viua, ambayo hujaa wino picha ikinolewa kupita kiasi, shavu la upande wa kivuli, na ukosi wa kanzu, ambao ukizidi mwanga hugeuka karatasi tupu. Sehemu hiyo niliipanga mara tatu kwenye A4 moja iliyolazwa: ya kwanza kama ilivyokuwa, ya pili nikiwa nimeongeza mwanga theluthi moja ya stopu (kipimo cha wapiga picha, ambapo stopu moja ni mwanga maradufu), ya tatu theluthi mbili. Chini ya kila kipande niliandika kwa herufi ndogo nilichokifanya. Kuna siku niliacha kuandika, na nikarudi nyumbani na vipande vizuri sana nisivyojua kimoja kimetokana na nini.

Jaribio halina maana lisipopita kwenye printa na karatasi zile zile zitakazotumika kwa picha kubwa. Duka moja liliwahi kunichapia jaribio kwa mashine ya picha ndogo, inayotumia mwanga na dawa, kisha picha kubwa ikatoka kwenye printa ya wino, na rangi zikawa za watu wawili tofauti. Kadhalika karatasi isiyong'aa haifikii weusi wa ile inayong'aa. Tena mwombe fundi azime marekebisho ya moja kwa moja ya programu yake, maana mashine ikiachwa ijiamulie, itavisawazisha vipande vyako vitatu vifanane kama pacha, nawe utaondoka ukidhani tofauti ya mwanga haina athari.

Kwa upande wa gharama, lipo jambo ambalo mafundi hawalitangazi lakini hawalikatai ukiomba kwa adabu. Printa nyingi kubwa hutumia roli la inchi 44, karibu sentimita 112. Mteja mwingine akichapa picha ya upana wa sentimita 80, pembeni hubaki zaidi ya sentimita 30 zinazokatwa na kutupwa. Fundi wangu siku hizi huvipachika vipande vyangu kwenye nafasi hiyo, mradi niwe tayari kusubiri kazi ya mtu itokee, na hunitoza kiasi kidogo cha wino.

Vipande vya mzee nilivilaza usiku mmoja vikauke, kisha nikavipeleka kwa binti yake na kuvibandika kwa gundi ya karatasi ukutani, palepale patakapotundikwa fremu. Saa kumi jioni, dirisha likiwa wazi, sote wawili tulikipenda cha pili, na cha tatu kilionekana kimepauka. Tulikunywa chai hadi kiza kilipoingia, akawasha taa yake ya manjano ya sebuleni, na cha pili kikaanza kurudi gizani. Alikaa kwenye kochi analokalia kila jioni, akavitazama kwa muda, akaniuliza kama familia huwa nyumbani zaidi mchana au usiku. Nikamwambia hilo analijua yeye. Akainuka, akakibandua cha tatu, akanipa.