Zimwi na kidole gumba

Umeme Tabata umekatika tena leo, saa moja na nusu, ndiyo kwanza nimewakusanya wanangu wawili na watoto wa jirani kibarazani. Basi nikawasomea kwa tochi ya simu. Kitabu cha picha, cha vina, kinamhusu mtoto anayeogopa usiku.

Vina wamevipenda jamani! Ukurasa wa tatu tu walishaanza kunimalizia mistari. Nikisoma "dirishani", wao kwa pamoja: "uvunguni!"

Hadithi yenyewe sasa...

Mkubwa wangu kaguna: "Zimwi gani linacheka hivi?"

Wa jirani kasema aliyeandika hajawahi kusikia paka wakipigana juu ya bati usiku wa manane. Hapo nimecheka, maana hata mimi huwa nashtuka.

Mwisho wa kitabu mtoto anaambiwa awashe taa, hofu iishe. Kimya kidogo. Kisha: "Anti, na umeme ukikatika je?"

Nikajifanya natafuta ukurasa.

Ila kitinda mimba, miaka minne, hakusema kitu. Kila zimwi likitokea, anabandika kidole gumba juu ya macho ya hilo zimwi, anakibonyeza kabisa.

"Soma sasa, mama. Halinioni."

Umeme umerudi saa tatu, wamelala. Nimekifungua tena kitabu: kila zimwi lina alama ya mafuta ya maandazi machoni.

Nyie utotoni mlikuwa mnaogopa nini usiku? Mimi choo cha nje kwa bibi. Semeni ukweli 😄