Matete nayo yana kinyozi wake

Jioni ya kwanza nimefika, begi hata sijafungua, shemeji ananiambia kesho tunaenda kuangalia ziwa. Nikamtazama. Shemeji, mi natoka Mwanza. Akacheka, dada naye akacheka, ila kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikagongewa mlango nikapewa gambuti za kuazima, size kubwa kuliko mguu wangu.

Dada yangu ameolewa Yverdon-les-Bains, mji wa Uswisi upande wanaoongea Kifaransa, upo pale ziwa Neuchâtel linapoanzia. Kabla sijaenda nilikuwa najisemea moyoni hao watu wana madimbwi tu, maana ukitafuta unaambiwa hilo ndo ziwa kubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Uswisi yenyewe bila kugawana na nchi nyingine, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 218. La kwetu, Victoria, ni kama 68,800. Kwa hiyo nimekaa kwenye chai nawatambia wapwa zangu kwamba ziwa lenu likiingia la kwetu litapotea kama kijiko kwenye sufuria ya ugali, yule mdogo wa miaka tisa ananiuliza anko la kwenu lina kina gani, nikasema kama mita themanini hivi pale penye kina kabisa. Akaniambia la kwetu 152. Nikaendelea kunywa chai yangu taratibu.

Tukatembea kwa miguu, shemeji mbele, mi nyuma na zile gambuti zinapiga kwap kwap. Njiani tukapita sehemu inaitwa Clendy, kuna mawe yamesimamishwa na watu wa kale, maelfu ya miaka iliyopita, mawe 45. Watu wanakuja kupiga picha na kibao cha maelezo kipo. Sasa mtu wa Mwanza unaletewa mawe 45 uyashangae, mi kwetu Mabatini jiwe moja lina nyumba nne juu yake. Ila nilivoelezwa ndo nikatulia kidogo, kwamba hayo mawe yalikuwa ndani ya maji na hakuna aliyejua yapo, yakaja kuonekana ziwa liliposhuka karne ya 19. Nikauliza limeshukaje, ukame? Shemeji akasema hapana, tulilishusha wenyewe.

Hiyo habari ndo ilinifanya nianze kusikiliza vizuri. Kumbe kule zamani mafuriko yalikuwa yanasumbua sana tambarare yote ya chini ya milima ya Jura, mashamba yanaoza, malaria ipo (ndiyo, malaria, Uswisi). Kuanzia 1868 mpaka 1891 wakachimba mifereji mikubwa, wakaugeuza mto Aare uingie ziwa jingine la jirani, na maziwa matatu ya pale yakashuka zaidi ya mita mbili. Lengo lilikuwa shamba. Shamba wakapata, ila upande wa kusini wa Neuchâtel ziwa lilivorudi nyuma likaacha ukanda wa mchanga na tope ambao haukufaa kwa kitu, matete yakaota, majani ya maji yakaota, ndege wakahamia. Leo hiyo sehemu inaitwa Grande Cariçaie, inafuata ufukwe kama kilomita 40, ndo eneo kubwa la kinamasi cha pembeni ya ziwa kuliko yote Uswisi, na inasemekana robo ya aina za mimea na wanyama wa nchi nzima inapatikana humo. Yani kitu wanachokilinda kama mboni ya jicho ni makosa ya mafundi wa mifereji. Huku kwenye mashamba vinamasi vya asili karibu vyote walishavikausha.

Tukafika Champ-Pittet, kuna jumba la zamani kama kasri na njia za mbao zinaingia ndani ya matete. Mi nilitegemea ufukwe. Hakuna ufukwe. Unatembea juu ya mbao, matete yamekuzidi kichwa kulia na kushoto, maji unayasikia huyaoni, na hapo ukitoka nje ya njia ni kosa. Nikamwambia shemeji ziwa lenyewe tunaligusa saa ngapi, akasema hapa haligusiki. Aisee hicho kitu kilinikaa vibaya. Mi nimekua naoga ziwani, nguo zimefuliwa ziwani, samaki tumeparua ziwani, ukiniambia nimesafiri kote huko kuja kulinusa ziwa kwa mbali naona kama nimealikwa harusini nikaambiwa chakula ni cha kuangalia.

Mbele kuna kibanda cha mbao, ukuta una nafasi nyembamba ya kuchungulia. Ndani wazee watatu, mmoja na chupa ya chai, kimya kama wapo msibani. Mzee mmoja akanipa darubini yake bila kuniuliza jina. Nikaweka macho. Mwanzo naona maji tu, halafu nikaona ndege ana shingo ndefu na vishungi viwili kichwani kama pembe, anaogelea taratibu, mgongoni kuna kitu cha mistari myeusi na myeupe kinatikisika. Kifaranga. Viko viwili, vimejichomeka katikati ya mabawa ya mama, kichwa tu nje, kama mtoto kwenye mbeleko. Akaja mwenzake na kisamaki kidogo kama dagaa akampa kimoja mdomoni, kile kingine kikagombana kikadondoka majini, kikapanda tena mgongoni kwa kujivuta. Sijui nilikaa pale muda gani. Mbu akanitua shingoni nikajipiga kofi la nguvu, yule ndege akazama na familia yake, na kibanda kizima kikanigeukia. Shemeji alinitoa nje kwa adabu.

Nje kuna ubao wa picha na ndo hapo nilipoona kile nilichotaka kuwaambia leo. Picha ya katapila. Katapila kabisa, lenye minyororo, lipo katikati ya matete kwenye barafu linafyeka. Nikasema hawa watu si ndo wametuambia tusitoke kwenye mbao tutakanyaga mimea, na wao wanaingiza mtambo? Shemeji akanieleza na hapa nitaandika kama nilivoelewa, kinamasi kikiachwa kama kilivo matete yanaota yanakauka yanalala, mwaka unaofuata mengine juu yake, udongo unapanda, mti unapata pa kuota, kwanza vichaka halafu miti, baada ya miaka kadhaa unakuta msitu wa kawaida na wale ndege na vyura wa kwenye majani ya maji hawana pao. Kwa hiyo kila majira ya baridi, ardhi ikiwa ngumu na ndege hawapo kwenye viota, wanafyeka. Sio yote. Kipande hiki mwaka huu, kile mwaka mwingine, kwa zamu. Nikamuuliza na kabla ya katapila? Akasema kabla ya katapila walikuwa wakulima, babu zao walikata yale majani kwa mkono kulazia ng'ombe bandani wakati wa baridi. Baadaye wakulima hawakuyahitaji tena, wakaacha, miti ikaanza kuingia, ndo ikabidi mtambo.

Hiyo sentensi nilikaa nayo mpaka kwenye ndege ya kurudi.

Tulienda sehemu nyingine pia, mabwawa madogo ya vyura, jioni vyura vya kijani vidogo kama kidole gumba vinapiga kelele utadhani redio zimekosa stesheni, na siku moja nikaogeshwa hatimaye, kwenye ufukwe wa mjini Yverdon unaoruhusiwa. Usiku miguu ikawasha vibaya mno, vipele vyekundu. Dada akasema viroboto wa bata. Sio viroboto, ni mabuu ya minyoo ya kwenye bata na konokono, yanaingia kwenye ngozi ya mtu yanakosea njia yanafia humohumo, unawashwa siku kadhaa basi. Nikacheka sana maana huyo ni ndugu kabisa wa kichocho chetu, konokono wa majini ndo mwenyeji wao wote, tofauti wa kwetu hakosei njia. (Shemeji aliuliza nacheka nini, nikamwambia nimekumbuka nyumbani.)

Kuna habari ya kura pia nisiisahau. 1987 Waswisi walipiga kura nchi nzima wakaweka ulinzi wa vinamasi kwenye katiba, ugomvi ulianzia sehemu inaitwa Rothenthurm ambako jeshi lilitaka uwanja wa mazoezi kwenye kinamasi, na wananchi wakalishinda jeshi. Msidhani lakini kila kitu kimenyooka, pale pale kwenye hifadhi kuna nyumba za likizo za watu binafsi pembeni ya maji, mabishano ya zibaki ziondoke yamekwenda miaka na miaka. Mtu wa Mwanza anayejua kesi za mita 60, ile sheria ya kutojenga karibu na ziwa, hiyo habari anaielewa bila mkalimani.

Nimerudi. Wiki ya pili nikasema ngoja niende Luchelele, huko ndo nilikokuwa natega kambale nikiwa mdogo. Nikachukua boda mpaka mwisho wa barabara nikashuka kwa miguu. Sikuwa na hamu ya Saanane, kile kisiwa cha hifadhi, Saanane naipenda, ni boti dakika kumi tu kutoka mjini na pimbi wake wanakuzoea kuliko majirani, ila ile ni mawe na mi nilitaka matete. Njia niliyoijua haipo, maji yaliyopanda 2024 yaliimeza na yalivoshuka yakaacha njia nyingine. Kwenye jiwe moja nikaona kitwitwi anatikisa mkia, hao wengine wanatoka Ulaya kukimbia baridi, nikamwambia karibu, nauli umelipa shingapi.

Halafu nikasikia sauti, shwaa, kimya, shwaa. Ndani ya matete kuna mama mmoja wa makamo, kanga ameifunga juu ya magoti, gambuti nyeusi imepasuka kisigino, mkononi mundu. Anashika matete kama mtu anavoshika nywele za mtoto anayetaka kumsuka, anayainamisha kidogo, anakata chini, anayalaza upande wa kushoto yote vichwa vinaangalia upande mmoja. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mhola? Mhola mama. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimwambie nimetoka ofisi gani, maana alishawahi kufukuzwa, aliniambia baadaye, watu walikuja wakamwambia anaharibu mazingira na wakaondoka na fungu zake nne.

Nikamuuliza mbona ule upande hujakata, mzuri kuliko huu. Akasema ule nilikata mwaka jana, acha ukue. Na ule kule penye mafunjo? Kule siendi miezi hii, samaki kamongo wamezalia. Anasema dume la kamongo linachimba shimo kwenye tope katikati ya mizizi, linakaa mlangoni na watoto, ukikanyaga linakung'ata na meno yake sio ya mchezo, akanionyesha kovu juu kidogo ya kifundo cha mguu, alama mbili kama za koleo.

Mi nikabaki nimesimama. Kwa zamu, kipande kwa kipande, na wakati wa kuzaa hakanyagi. Hajasoma ubao wowote.

Nina rafiki alisomea mambo ya samaki, yeye ndo aliwahi kuniambia kwamba yale matete na mafunjo ndo yaliwaficha furu, vile visamaki vya asili vya ziwa letu, baada ya sangara kuletwa ziwani, miaka ya 50 na 60, akawala furu wengi mpaka aina nyingi zikapotea. Ndani ya kinamasi hewa kwenye maji ni ndogo, sangara anahitaji hewa nyingi akiingia humo anazidiwa, furu wengine wanavumilia. Kwa hiyo sangara na ukubwa wake wote anaishia mlangoni. Nikamwambia mama hiyo habari nikidhani nampa elimu, akasema ndo maana tunawatega huku, we ulidhani kwa nini?

Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya katapila. Akafuta mkono kwenye kanga akaishika simu kwa vidole viwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hili linakata matete?"

"Ndiyo mama."

"Halafu yanauzwa?"

Nikasema nadhani hapana mama, wanakata tu ili pasigeuke msitu. Na mwenye mtambo analipwa? Analipwa. Mshahara? Eeh, mshahara. Akairudisha simu. Alicheka mpaka akakaa kwenye fungu lake, anajipiga paja, anasema kitu kwa Kisukuma ambacho sikukidaka chote ila kilikuwa na neno la mzungu na neno la ng'ombe ndani yake. Akanyamaza akafuta macho.

"Mwambie huyo shemeji yako mundu ninao."

Nikanunua mafungu mawili kwa ajili ya uzio wa kuku wa maza, nikamsaidia kujitwisha la kwake, nilidhani matete mepesi, yakiwa mabichi hayo acheni kabisa. Yeye alinyooka nalo akaondoka anaongea na simu kuhusu mtu wa Nyegezi anayemdai hela. Mi nikabaki natafuta boda atakayekubali kubeba matete ya mita tatu, wa tatu ndo alikubali, tukapita Butimba nzima tunafagia watu.