Riwaya imetoka mikononi mwangu

Jamani, jana usiku nimemtumia mhariri mswada wa mwisho wa riwaya yangu ya kwanza! Tahajia haikunisumbua. Vita ilikuwa sura ya Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi: mhariri alitaka ifupishwe, mimi nikaing'ang'ania, maana hapo ndipo Mama Zawadi anapofungua robota la mitumba na kukuta barua ndani ya mfuko wa koti. Barua imebaki, kelele za soko zimepunguzwa. Bado naona alikata mno, ila sura sasa inakimbia.

ISBN, ile namba ya tarakimu 13 ya kutambulisha kitabu, tayari tunayo. Kurasa zinapangwa, kisha nisome prufu, yaani kurasa za majaribio za kukagua makosa kabla ya kuchapa. Rangi ya jalada bado tunabishana.

Jioni niko Kenyatta Market. Nyama choma nalipa mimi. Atakayewahi achague mbavu.