Mtumbwi ni nini?

Mwezi wa nane nilikuwa likizo Dodoma, nimefikia kwa mama mkubwa pale Kikuyu. Alistaafu ualimu alipotimiza 60, lakini mtaa mzima bado unamwita Mwalimu. Jioni upepo ukitulia, watoto wa jirani wanaingia, "shikamoo bibi, shikamoo bibi", wanavua ndala na kujipanga mkekani. Kitabu kimoja, watoto watano. Mwenyewe ameshika njiti ya ufagio, anaipitisha chini ya maneno.

Kijana mmoja wa darasa la pili alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Nusura nimpigie makofi. Mama mkubwa akaisimamisha njiti kwenye neno moja: "Mtumbwi ni nini?" Kimya. "Mdudu," akajaribu mmoja. Wenzake wakacheka, ila mwenye jibu jingine hakuwepo. Ungewalaumu? Nyumbani wanaongea Kigogo, na mto wanaoujua ni korongo la mchanga linalopitisha maji siku chache za masika.

Nikamkumbuka mzee mmoja wa Baltimore, Marekani. Binti yangu alipoanza shule kule, kusoma kulimshinda. Kila akikutana na "knife" aliitamka ile k. Akapewa huyo mzee wa kusoma naye, dereva wa basi mstaafu, anakaa naye kwenye viti vile vidogo, magoti yamemfika kidevuni. Mimi nilimwonea huruma, nikidhani hana wajukuu. Kumbe anao saba!

Baltimore ni mji wenye historia na jambo hilo la wazee kusoma na watoto shuleni. Mpango wa Experience Corps, ulioanza miaka ya 1990, uliwaingiza watu wa miaka 60 na zaidi kwenye shule za msingi, saa 15 kwa wiki, wakapewa posho ndogo ya nauli na mengineyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliowafuatilia waliona hata wazee wenyewe wanachangamka na kutembea zaidi.

Kwetu shida imejificha. Mtoto wa Kiingereza akikwama utamsikia. Kiswahili, ukishazijua silabi, unateleza tu, hata kwenye usichokielewa, na mwalimu mwenye watoto tisini darasani atajuaje?

Mama mkubwa alishakwenda shule moja ya jirani kujitolea bure. Wakamwambia alete barua. Akapeleka. Mpaka leo "inafanyiwa kazi". Sikatai, mtu asiingie tu kwa watoto, hata Marekani wanakuchunguza kwanza. Lakini huyu amefundisha miaka zaidi ya thelathini, na walimu wawili wa pale ni wanafunzi wake! Dodoma hii imejaa wastaafu wa serikali wanaoshinda vibarazani wakijadili kikokotoo cha pensheni. Na wala si jambo geni: mwaka 1970 Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata bibi yangu alifundishwa kusoma na kijana aliyemaliza la saba. Wakati ule mdogo ndiye aliyemfundisha mkubwa.

Basi mama mkubwa akainuka, akashuka hadi uani, akachora mavumbini kwa ile njiti: gogo limechongwa katikati, mtu ndani, kasia mkononi. Watoto wakainama.

"Aah," akasema yule wa mdudu. "Bibi, si hori la ng'ombe hili?"