Sukari ya mama na ile namba 126

Mama aligundulika na sukari mwaka juzi, na kwa vile mi ndo mwenye simu nzuri pale nyumbani Lushoto, kazi ya kusoma mtandaoni ikawa yangu. Nilidhani ni kuingia Google tu basi, kumbe.

Asubuhi moja kabla hajanywa chai nikampima, mashine ikaandika 9.8. Kucheki kwenye simu nakuta imeandikwa mtu ambaye hajala akifika 126 ndo ana kisukari. Mama akasema, "Mwanangu si unaona, mi niko tisa tu, wananilisha madawa bure." Akaacha metformini, vidonge vyake vya sukari, siku nne na mi sikumkataza, manake hata mi niliamini, hiyo inaniuma mpaka leo.

Siku ya kliniki nesi kafungua daftari, namba zimepanda mpaka 14, akauliza kulikoni. Nikamwonyesha simu. Akanambia dada, hiyo ni hesabu ya Marekani, wao wanatumia miligramu, mashine yenu inasoma milimoli, chukua ya mashine zidisha kwa 18. Nikapiga palepale, 9.8 mara 18 ikaja 176. Yani kwa mashine yetu ile 126 ni 7.0, na mama alikuwa ameshaipita mbali. Nikakaa kwenye benchi sina la kusema.

Tangu hapo nikisoma kitu cha kwanza natafuta ni mmol au mg, afu naangalia kaandika nani, kama anauza dawa na kaweka namba ya simu chini naachana naye. Kiingereza changu ni cha fom foo, neno likinishinda naliandika kwenye daftari nampelekea nesi, na kurasa nzuri napiga skrinshoti kabla bando halijakata.

Ila kazi kubwa ilikuwa mama mwenyewe. Herufi za simu hazioni vizuri, na zile habari za mdalasini unaponya sukari zinamfikia kwa voisi kwenye grupu la vikoba, kwa sauti ya mtu anayemjua, wakati ukweli umekaa kwenye maandishi ya Kiingereza. Basi na mi nikaanza kumrekodia voisi, dakika moja tu, kwa Kisambaa. Hizo anasikiliza hata mara tatu.

Jana kajipima mwenyewe, 6.9. Akanipigia, "Haya, mara kumi na nane ni ngapi?" Nikamwambia 124, mama.