Antena isiguse kasha la redio

Hapa Tororo, kijana akimaliza kujijengea redio yake ya kwanza ya mita 40 (masafa ya karibu MHz 7), huja dukani na lalamiko lile lile: "Mzee, inavuma." Kapasita kubwa, ile ya kutuliza umeme, ameshaweka kwenye pawa, mvumo haujapungua. Tena ukizungusha kitufe cha masafa, nao unabadilika.

Mvumo wa namna hiyo hauji kwa waya wa pawa peke yake. Redio hizi rahisi zinazogeuza mawimbi moja kwa moja kuwa sauti zina osileta, sakiti inayozalisha mawimbi yake yenyewe, inayofanya kazi pale pale unaposikiliza, karibu MHz 7. Mawimbi yake huvuja kupitia antena na waya wa ardhi hadi kwenye dayodi (vijilango vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za chaja inayolisha redio, ambazo kwa umeme wetu wa Hz 50 huwaka na kuzima mara 100 kwa sekunde. Yanarudi kwenye antena yamebeba mvumo, na redio inayapokea kama stesheni nyingine.

Dawa ninayoiamini ni transfoma ndogo pale antena inapoingia redioni, ipitishe stesheni bila waya wa antena kugusana na wa redio. Chukua pete ya feraiti (aina ya sumaku ya kauri) yenye namba FT50-43, zungusha waya mara 5 kwa upande wa antena, mara 15 kwa upande wa redio. Koili zisilaliane, kila moja ikae upande wake wa pete, la sivyo mawimbi ya osileta yanayovuja nayo yataruka kutoka moja hadi nyingine. Tundu la antena nalo litengwe na bati la kasha. Washa (pete bapa) za plastiki za kulitenga mimi hukata kwenye jerikani kuukuu la mafuta ya kupikia, maana za dukani ni nyembamba mno. Ncha ya pili ya koili ya antena iende kwenye chuma kilichochimbiwa nje. Kisha pima kwa mita kati ya tundu na kasha: mita isilie, yaani viwili hivyo visiwe vimeungana.

Wapo wanaopenda kuweka kapasita kati ya antena na koili. Sawa, ila hapo antena itajaza chaji bila njia ya kutokea, kwa hiyo ongeza rezista ya kilo-omu 100 kutoka antena hadi kile chuma.

Waya wa kijani na njano wa umeme wa nyumba usiuguse kabisa. Kazi yake ni kukulinda wewe.

Na radi za Tororo mnazijua. Washa ya jerikani haizuii radi. Wingu likianza kunguruma, chomoa antena uitupe nje ya dirisha, hata kama Nairobi inasikika vizuri.